Neno la leo: Kutwa

Kwenye bahasha ndogo ya dawa niliyomchukulia mama yangu paliandikwa kwa wino wa haraka: 1 x 3. Muuza dawa akaniambia, "Kimoja, kutwa mara tatu." Mama akalitii neno kama lilivyo: alfajiri, adhuhuri, na cha tatu kabla ya magharibi. Usiku mzima hakumeza kitu.

Mama hakukosea. Kutwa ni ndugu wa kuchwa, yaani jua kuzama. Ndiyo maana twasema mchana kutwa na usiku kucha, na mwanafunzi wa shule ya kutwa hurudi kwao jioni. Ila hospitalini neno limepanuka likabeba saa zote 24. Dawa iliyokusudiwa kila baada ya saa 8 humezwa saa moja asubuhi, saa tisa alasiri na saa tano usiku.

Hapo ndipo ilipo kazi ya mwandishi wa maelekezo. Zamani alionekana mtu wa kunyoosha sentensi za wataalamu. Leo kompyuta hutafsiri karatasi nzima kwa dakika, na "kutwa" hupita humo bila kuulizwa. Kazi iliyobaki kwake ni kubwa zaidi: kumpa msomaji karatasi, kumtazama akiifuata, kisha kuandika upya pale alipokwama.

Tuwaandikie wagonjwa saa. Elekezo jema ni lile ambalo mtu aliye peke yake, usiku, hawezi kulielewa vingine.