Kwa nini M-Pesa haikung'oka? Somo kwa anayetaka kununua hisa

Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza asilimia 25 ya Safaricom: hisa bilioni 10, kila moja shilingi 5. Watu walipanga foleni, na wengine wakakopa benki ili wasipitwe. Hisa zilipoanza kuuzwa sokoni Nairobi mwezi Juni zilipanda, kisha bei ikashuka chini ya zile shilingi 5. Aliyekopa akabaki na deni mkononi na hisa iliyopungua thamani.

Sasa jiulize: je, watu hawa walichagua kampuni mbovu? Hapana. Ndani yake kulikuwa na huduma ya mwaka mmoja tu, M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007, ambayo mpaka leo wapinzani wameshindwa kuing'oa Kenya.

Usidhani siri ni teknolojia. Kutuma hela kwa ujumbe wa simu ni jambo ambalo mpinzani mwenye wahandisi wazuri anaweza kuliiga. Kisichoigika haraka ni watu. Ukiwa peke yako kwenye huduma ya kutuma pesa, haina maana: utamtumia nani? Akiingia mama yako kijijini, ina maana kidogo. Wakiingia mwenye nyumba, fundi na muuza mboga, kuhama inakuwa kazi ngumu, kwa sababu itabidi uhame nao wote. Wanauchumi wanaita hali hii athari ya mtandao: kila mteja mpya anaongeza thamani kwa waliotangulia. Na Safaricom ilianza ikiwa tayari na wateja wengi wa simu kuliko wapinzani wake.

Halafu kuna mawakala. Wakala anataka wateja, mteja anataka wakala aliye karibu. Ukiwa na wengi wa upande mmoja, upande wa pili unakuja wenyewe. Safaricom iliongeza kufuli hapo: mikataba yake iliwazuia mawakala kuhudumia mitandao mingine. Kufuli hilo liliondolewa mwaka 2014, mamlaka ya ushindani ilipoingilia kati. Mwaka 2018 ikawezekana pia kutuma hela moja kwa moja kati ya Safaricom na Airtel. Lakini kwa wakati huo watu walikuwa wameshazoea kulipa bili, kununua dukani na hata kukopa kupitia M-Pesa. Mlango ulifunguliwa, wachache wakatoka.

Unadhani basi ni lazima iwe hivyo kila mahali? Vuka mpaka uje Tanzania. Vodacom ilileta M-Pesa huku mwaka 2008, jina lile lile, wazo lile lile. Lakini hapa hakuna mtandao wa simu uliokuwa umeshika soko kama Safaricom, na kibanda kimoja cha wakala kilikuwa na mabango ya mitandao mitatu minne. Kuanzia 2014 kampuni zikaanza kukubaliana wateja wao watumiane hela, na Vodacom ikaingia kwenye mpango huo mwaka 2016. Matokeo yake soko limegawanyika, na kila kampuni inalazimika kumbembeleza mteja.

Kwa hiyo ukitaka kuwekeza kwenye kampuni ya teknolojia, usiishie kuuliza "bidhaa yao ni nzuri?" Uliza: mteja akitaka kuondoka kesho, ataacha nini nyuma? Nani ameshika kufuli, na sheria inaweza kulivunja lini?

Kuna swali la mwisho, ambalo wale wa foleni ya 2008 walilisahau: unalipa bei gani? Aliyevumilia na hisa zake aliziona zikipita shilingi 40 mwaka 2021. Aliyenunua kwa bei hiyo ya juu aliziona zikiwa chini ya shilingi 15 mwishoni mwa 2023. Katika muda huo wote M-Pesa ilibaki ikitawala soko la Kenya. Kampuni kutawala soko ni jambo moja. Wewe kupata faida ni jambo jingine, na hilo la pili linategemea sana siku uliyonunua na pesa uliyonunulia. Kama ni ya mkopo, fikiria mara mbili.