Maziwa ya Moto na Kanuni ya Newton: Safari ya Swali la Erasto Mpemba, 1963–1969

Mwaka 1969 jarida la Physics Education la Uingereza lilichapisha makala fupi ya waandishi wawili. Wa kwanza alikuwa Erasto Mpemba, kijana Mtanzania aliyekuwa amepitia shule za sekondari za Magamba na Mkwawa. Wa pili alikuwa Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Makala hayo yalidai kwamba, katika mazingira fulani, maji ya moto huganda kabla ya maji ya baridi. Tangu hapo jambo hilo limebeba jina la Mpemba katika vitabu vya fizikia. Wanafizikia wameandika mengi kuhusu maji yenyewe. Wanahistoria wa elimu hawakuvutiwa kwa kiasi hicho na njia ambayo maarifa yalipitia kabla ya kufika katika jarida. Insha hii inaifuatilia njia hiyo, kwa kuwa ndani yake limo swali zito kuhusu elimu ya sekondari ya miaka ile: ni nani aliyeruhusiwa kuyahamisha maarifa kutoka mahali pamoja hadi pengine?

Chanzo kikuu ni simulizi ya Mpemba mwenyewe, inayounda sehemu ya kwanza ya makala ya 1969. Ni ushahidi wa upande mmoja, ulioandikwa miaka kadhaa baada ya tukio, tena kwa Kiingereza, lugha ya kufundishia katika sekondari. Hata hivyo, simulizi hiyo ina uzito kwa sababu msimulizi hajipambi. Anaeleza kwamba mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, wilayani Lushoto, wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Walinunua maziwa kwa wanawake wa jirani, wakayachemsha, wakachanganya na sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayaweka katika jokofu. Nafasi ilikuwa finyu na wagombeaji wengi. Siku moja mwenzake, alipomwona anachemsha, aliharakisha kuweka maziwa yake bila kuyapitisha motoni. Mpemba, akihofia kuikosa trei iliyobaki, aliyaingiza yake yangali moto, huku akijua kwamba huenda akaliharibu jokofu. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Yafaa kutua hapa. Ugunduzi huu ulizaliwa katika purukushani ya kugombea nafasi, nje kabisa ya muhtasari wa masomo. Ulilinganisha vitu viwili ambavyo havikuwa sawa, kwani maziwa ya upande mmoja yalichemshwa na ya upande wa pili hayakuchemshwa. Mtafiti mkali angeukataa papo hapo, na angekuwa na haki. Lakini mwanafunzi alipata kitu ambacho darasa halikuwa limempa, yaani swali lake mwenyewe. Alimpelekea mwalimu wa fizikia, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, kwani jambo hilo haliwezekani. Alilipokea jibu hilo na kunyamaza.

Swali lilifufuliwa na wachuuzi. Baadaye Mpemba alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga, akamsikia akisema kwamba hutumia mchanganyiko wa moto ili ugande upesi. Wauzaji wengine walimwambia hivyo hivyo. Kwa hiyo miongoni mwa watu wa kazi jambo hili lilikwisha kuwa ujuzi wa kawaida, uliorithishwa kwa maneno na kuthibitishwa na mauzo ya kila siku. Hawakuhitaji kueleza sababu, waliuza. Mpemba alikuwa mtu wa kwanza katika mlolongo huu aliyekaa katika ulimwengu wote wawili, wa jokofu la mchuuzi na wa daftari la fizikia.

Alipofika Mkwawa, Iringa, mada ya joto ilianza na kanuni ya Newton ya upoaji, inayosema kwamba kasi ya kitu kupoteza joto hulingana na tofauti kati ya halijoto yake na ya mazingira. Mpemba akauliza tena: mbona basi maziwa ya moto yaliganda kwanza? Mwalimu alimjibu kwamba amechanganyikiwa, na aliposhikilia alichokiona, akaambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si ya ulimwengu mzima. Maneno hayo yakawa mzaha wa darasa: kila alipokosea, wenzake walimrushia kwamba hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Wengi wanaosimulia kisa hiki humlaani mwalimu, na laana hiyo ni nyepesi mno. Hoja yake ilikuwa na mantiki. Maji ya nyuzi 100 lazima yapite nyuzi 35 kabla ya kufika sifuri, na yakifika hapo yanabakiwa na safari ile ile ambayo maji ya nyuzi 35 yalikwisha kuianza mapema. Kasoro imo katika sharti lililojificha, kwamba maji yaliyotoka nyuzi 100, yakifika 35, yanakuwa sawa kwa kila hali na yale yaliyoanzia hapo. Kumbe huenda sehemu yake imeondoka na mvuke, maji ya juu yana joto kuliko ya chini, na mizunguko ndani ya chombo inaendelea. Kanuni ilikuwa sahihi. Aliyeihamishia katika hali mpya bila kukagua masharti yake alikuwa mwalimu. Nadharia za ujifunzaji zinazotokana na Jean Piaget huuona mgongano kati ya anachojua mtu na anachokutana nacho kuwa ndio mwanzo wa maarifa mapya. Mgongano ulikuwapo Mkwawa, ila ulimpata mwanafunzi peke yake.

Mpemba alifanya jaribio katika maabara ya biolojia iliyokuwa wazi, kwa bika mbili za maji, moja ya bomba na nyingine ya moto. Hapa maziwa yametoka na maji yameingia: mwanafunzi ameutenga mchanganyiko wa sukari na maziwa na swali lake, hatua ambayo hakuna aliyemfundisha kwa mfano huu. Kisha Osborne alipozuru shule kutoa mhadhara, Mpemba alimuuliza mbele ya wote. Wenzake wakacheka. Osborne hakuamini, lakini aliahidi kujaribu, na huko Dar es Salaam fundisanifu wa maabara akamletea habari kwamba maji ya moto yameganda kwanza, akaongeza kwamba wataendelea kurudia hadi wapate jibu sahihi. Kauli hiyo yaonyesha kwamba hata maabara ya chuo ilikuwa na jibu kabla ya jaribio. Majaribio yaliyofuata yaliwekwa juu ya kihami joto. Utando wa mafuta juu ya maji ulichelewesha kuganda kwa saa kadhaa, dalili kwamba joto lilitoka zaidi kupitia uso wa juu.

Katikati ya miaka hiyo, Machi 1967, Julius Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akilalamikia mfumo unaowafanya wanafunzi waamini kwamba maarifa yote yenye thamani hutoka vitabuni au kwa waliosoma. Hakuna haja ya kudai kwamba Mpemba alimfuata Nyerere au kinyume chake. Lakini lalamiko hilo linapata mwili katika kisa hiki, kwa mchuuzi wa Tanga aliyejua jambo ambalo mwenye shahada alilikana.

Mwaka huo huo wa 1969, G. S. Kell wa Kanada alichapisha makala kuhusu jambo hilo hilo bila kuhusiana na wenzake wa Dar es Salaam. Ukweli wa jambo lenyewe haujakubaliwa na wote: mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walionyesha kwamba kuhamisha kipimajoto kidogo tu ndani ya chombo kunaweza kuleta matokeo yanayofanana na athari hiyo. Mpemba hakuingia katika mabishano hayo kama mwanafizikia. Alisomea usimamizi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, karibu na Moshi, akafanya kazi katika idara ya wanyamapori.