Michael Jackson Kwenye Deki

Ukiuliza kijiweni Michael Jackson alikuwa nani, utaambiwa mwimbaji. Wengine watasema mcheza dansi. Mimi nasema, na wabishi wabishe, kazi yake kubwa imo kwenye video. Ukitaka kujua Marekani ya miaka ya 1980 ilikuwaje kwa mtu mweusi mwenye kipaji, zipange video zake kwa miaka uzitazame moja moja. Historia itapita mbele yako imevaa viatu vyeusi na soksi nyeupe.

Stesheni ya MTV ilianza tarehe 1 Agosti 1981. Muziki mtupu usiku na mchana, lakini sura nyeusi humo ulizitafuta kwa tochi. Visingizio havikukosa: eti wao ni watu wa roki. Mwanzoni mwa 1983 David Bowie, Mwingereza mzungu, alikuwa anahojiwa na stesheni hiyohiyo, akamgeuzia mtangazaji kibao: mbona weusi ni wachache hivi? Mtangazaji wa watu akaanza kujiumauma. Machi mwaka huo Billie Jean ikaanza kuonyeshwa. Nani alimlazimisha nani, wahusika wenyewe wamebishana miaka yote. Sisi tuitazame kazi. Steve Barron aliyeiongoza alitengeneza njia ambayo kila jiwe analolikanyaga Michael linawaka taa. Nyuma yake kuna mpelelezi na kamera, anampiga picha, na picha zinatoka bila mtu. Mtu ambaye kila anapogusa panawaka, lakini kamera haimnasi! Na hii ni kabla dunia haijaanza kumwinda kwa kamera kikwelikweli.

Huku kwetu tuliziona kwa kuchelewa. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Wazanzibari walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na walituringia kwelikweli. Sisi tulitegemea deki. Mwenye deki mtaani alikuwa mtu bwana, hata watu wazima walimsalimia kwa adabu. Kanda ilirekodiwa kutoka kwenye kanda iliyorekodiwa kutoka kwenye kanda, ikitufikia Magomeni nusu ya picha ni chenga na sauti imeingia maji. Penye hatua ngumu tulirudisha nyuma, tukarudisha tena, mpaka utepe ukachakaa palepale penye utamu. Kiingereza chetu kilikuwa cha kuombea maji, kwa hiyo hadithi tuliisoma kwenye miguu na mabega. Sidhani kama tulipunjwa. Mtoto wa New York alisikia maneno, sisi tuliona sentensi inavyojengwa na mwili.

Beat It, ya mwaka huohuo 1983, niipite haraka, ingawa aliyeipanga dansi yake, Michael Peters, anastahili makala yake. Mle ndani Bob Giraldi aliwachanganya wachezaji na vijana wa magenge halisi ya Los Angeles. Ukiona mtu anacheza huku anaonekana hataki kucheza, huyo ni wa genge.

Halafu Thriller. Hapa naomba nikae kidogo. Michael aliona filamu ya John Landis ya mwaka 1981 kuhusu Mmarekani anayegeuka mbwamwitu jijini London, akamtafuta mwenye filamu. Kampuni ya rekodi haikutaka kutoa fedha kwa sababu albamu ilikuwa imeshauza vya kutosha. Wakafanya ujanja: wakapiga pia filamu ya jinsi Thriller inavyotengenezwa, hiyo ndiyo wakaiuza kwa televisheni na kwenye kanda za nyumbani, na fedha zake zikalipia kazi yenyewe. Kwetu sisi tunaoandika na kulia kwamba wachapishaji hawana fedha, hebu tuutafakari ujanja huo. Ilionyeshwa tarehe 2 Desemba 1983, inakaribia dakika 14, na mwaka 2009 ikawa video ya kwanza ya muziki kuingizwa katika hazina ya taifa ya filamu za Marekani.

Lakini sifa yake hasa ni usimulizi. Unadhani uko msituni na wapenzi wawili, kumbe uko ndani ya sinema wanayoitazama wapenzi wawili walewale. Ukishaamini umetoka, unaingizwa tena. Hadithi ndani ya hadithi, kama bibi zetu walivyojua kutulaza, ila hapa bibi ana bajeti.

Bad ya 1987, iliyoongozwa na Martin Scorsese, wengi wanaisifu. Mimi naiona ndefu. Smooth Criminal ya 1988 ndiyo ilituvunja migongo, na ule mwinamo wa mbele kama mnazi wa pwani. Kwenye video zilikuwepo waya. Jukwaani walitumia viatu vyenye kisigino kinachonasa kwenye msumari wa sakafuni, na mwaka 1993 Michael na wenzake wawili wakapewa hataza ya viatu hivyo. Tungejua mapema tusingeumia bure.

Afrika nayo imo. Kwenye albamu ya Bad kuna Liberian Girl, ambayo inafunguliwa kwa Kiswahili na mwimbaji wa Afrika Kusini, Letta Mbulu. Liberia hawasemi Kiswahili, najua, lakini siku tuliyotambua kwamba yale ni maneno yetu hakuna aliyejali ramani. Mwaka 1992 ikaja Remember the Time, iliyoongozwa na John Singleton, kijana mweusi wa Los Angeles. Misri ya mafarao, na mafarao ni weusi: Eddie Murphy kwenye kiti, Iman pembeni yake. Iman alizaliwa Mogadishu na alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi alipogunduliwa na mpiga picha mwaka 1975. Mwaka huohuo 1992 akaolewa, na nani? David Bowie, yule wa swali. Michael mwenyewe alifika Dar es Salaam Februari 1992, akaonana na Rais Ali Hassan Mwinyi.

Mtaani walisema amejichubua. Katika mji ambako mkorogo uliuzwa hadharani, neno hilo lilikuwa jepesi mdomoni. Mwaka 1993 alieleza kwamba ana ugonjwa unaoondoa rangi ya ngozi, na uchunguzi wa maiti yake mwaka 2009 ulithibitisha. Ndiyo maana sipendi ile Black or White ya Novemba 1991 inayoishia kwenye nyuso zinazobadilika, mzungu kuwa mweusi na mweusi kuwa Mhindi. Hiyo ni tamu ya pipi. Dakika nne zilizofuata ndizo kazi: chui mweusi anageuka kuwa yeye, anacheza peke yake usiku, hakuna muziki, anavunja vioo vya gari. Wazazi walilalamika, akaomba radhi, zikakatwa. Baadaye ikatoka nakala ambayo vioo vile vimeandikwa maneno ya kibaguzi, ili mtazamaji aone kinachovunjwa ni nini. Mimi naitaka ile ya kwanza, hasira isiyo na maelezo.

Sasa lile ambalo mashabiki wenzangu hawapendi lisemwe. Alituhumiwa kudhulumu watoto mwaka 1993, akashtakiwa baadaye, na Juni 2005 baraza la mahakama likamwachia huru kwa mashtaka yote. Mwaka 2019 wanaume wawili wakaeleza kwenye filamu kwamba aliwatenda walipokuwa watoto. Familia yake inakana. Siwezi kukuambia kwamba sikuitazama, wala kwamba nilipomaliza nilikuwa shabiki yuleyule. Pale mwanzoni mwa Thriller, kijana mpole anapomwonya binti kwamba yeye hafanani na vijana wengine, zamani tulicheka. Siku hizi sicheki, na deki ningekuwa nayo ningeisimamisha hapo.

Bado natazama. Juzi nimerudia Earth Song ya 1995, ambayo sehemu yake ilipigwa hapa Tanzania. Michael anapiga magoti, anakamata udongo, upepo unakuja, na tembo aliyekwisha kuuawa anasimama tena, pembe zinarudi. Mwongozaji wake, Nick Brandt, hakuisahau nchi hii. Alirudi Afrika Mashariki na kamera ya picha za mnato, akapiga tembo kwa miaka, na mwaka 2010 akashiriki kuanzisha shirika linaloajiri askari wa wanyamapori mpakani mwa Kenya na Tanzania. Kwenye video tembo alifufuliwa kwa kuirudisha kanda nyuma. Kule Amboseli ilibidi walindwe wakiwa hai.