Miamba ya Kolo: Mali Isiyoonekana Kwenye Vitabu vya Hesabu

Ndugu wazawa, wakwe na marafiki wa Kondoa,

Kijarida hiki kimezoea kuwaletea habari za madarasa, visima na zahanati. Safari hii kamati imeomba tuandike habari za mawe. Tunajua wapo watakaosema mawe hayaliwi, na katika mikutano yetu ya Dar es Salaam na Dodoma neno hilo tumelisikia zaidi ya mara moja. Tunawaomba mtusomee kwanza, kisha mseme.

Kondoa imekaa ukingoni mwa Bonde la Ufa. Ardhi ilipovutwa na kupasuka, upande mmoja ulididimia na mwingine ukabaki juu, ndipo ikapatikana ile kingo ya milima ambayo basi la Babati huishuka polepole. Mipasuko hiyo hiyo iliikata miamba mikubwa. Vipande vikaegemeana, vingine vikachomoza mbele kama baraza ya nyumba. Chini ya baraza hizo mvua hufika kwa shida na jua kali halipigi siku nzima, na hiyo ni sababu mojawapo ya michoro kudumu. Kwa hiyo anayetaka kuilinda michoro hana budi kuulinda mwamba, na miti inayouzunguka, na udongo ulio chini yake.

Michoro ya zamani zaidi ni ile myekundu. Ina twiga, tembo, pofu, na watu warefu wembamba wenye vichwa vikubwa kama waliotimua nywele. Wataalamu wengi huihusisha na wawindaji wa kale, jamaa ya wenzetu Wasandawe ambao siku hizi wengi wao wako wilaya ya Chemba. Michoro meupe, kama ile ya Pahi, ni ya baadaye, na huhusishwa na wakulima waliozungumza lugha za Kibantu. Yaani hata ukutani tumekaa pamoja, mmoja juu ya mwingine, bila kufutana. Mwaka 1951 Mary Leakey alikuja kuinakili michoro hii kwa mkono, kazi ambayo baadaye, mwaka 1983, aliitolea kitabu.

Mwaka 2006 UNESCO iliiandika Kondoa katika Urithi wa Dunia. Ni eneo la saba la Tanzania katika orodha hiyo, baada ya Ngorongoro, Kilwa, Serengeti, Selous, Kilimanjaro na Mji Mkongwe. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 2,336. Idadi ya miamba yenye michoro imekadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Sisi tunaofanya kazi ya uhasibu, tukiletewa daftari la stoo lenye makadirio ya namna hiyo, tungelirudisha siku hiyo hiyo. Lakini ndivyo ilivyo. Mingi ya miamba hiyo imo katikati ya mashamba na vichaka vyetu, na anayejua ilipo ni mchungaji na bibi anayeokota kuni.

Jambo moja watu wengi wa mjini hawalijui. Kondoa haikuingia katika orodha ile kwa sababu ya rangi ukutani tu. Sababu nyingine ni kwamba miamba hii bado inatumika. Pale Mungomi wa Kolo wazee huenda kuomba mvua na kutafuta tiba, na mila hizo zilihesabiwa kuwa sehemu ya urithi wenyewe. Hapo ndipo ulipo mgongano wa miaka mingi. Katika matambiko hunyunyizwa pombe ya kienyeji na mafuta ya mbarika, na vitu hivyo vikifika kwenye ukuta vinaharibu michoro. Mtaalamu akiona, anataka kuzuia. Mzee akizuiwa, anaona amenyang'anywa mahali pa babu zake, na siku mwizi akija kuchokonoa mwamba hana sababu ya kumkemea. Wengi wetu ni Waislamu na Wakristo, na wapo tusiopenda hata kulitaja tambiko. Hata hivyo tunaona hesabu iko wazi. Ulinzi uliomtenga mwenye mahali haukufanikiwa. Kuna miamba iliyowahi kuzungushiwa nguzo na waya, na waya wenyewe ukaondoka.

Uharibifu mbaya zaidi umetokana na uvumi. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipigana Kondoa, na tangu hapo imevumishwa kwamba Wajerumani waliacha dhahabu imefukiwa chini ya miamba. Watu wamechimba hadi ndani ya baraza zenye michoro. Wamepata vumbi, na vumbi hilo limeganda juu ya picha.

Tusiseme kwamba watu wetu hawajui kuhifadhi. Waliokua Kondoa wanayakumbuka makorongo ya Irangi, ardhi iliyokatika mpaka ng'ombe alikuwa akitumbukia. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika kilometa za mraba 1,256. Familia zilitenganishwa na ng'ombe wao. Ulikuwa uchungu mkubwa, na namna amri ilivyotolewa bado inalalamikiwa. Lakini majani yalirudi, miti ikarudi. Mandhari ya kijani ambayo leo tunapiga picha wakati wa sikukuu na kuzituma kwenye makundi ya simu ililipiwa na wazazi wetu.

Sasa barabara ya lami kutoka Dodoma hadi Babati ipo, na inapita Kolo. Magari ya watalii yanayokwenda Tarangire na Manyara yanapita bila kusimama. Kaskazini yetu, Ngorongoro na Lengai zilitambuliwa na UNESCO mwaka 2018 kuwa Jiopaki, yaani eneo ambalo miamba yenyewe, mila na maisha ya watu hutembelewa kwa pamoja. Lengai ni mlima wa Mungu kwa Wamaasai, na mgeni huelezwa hivyo kabla hajaelezwa habari za volkano. Kolo pana ofisi ya mambo ya kale na makumbusho ndogo. Kinachokosekana ni kijana wa Kolo, Pahi au Masange anayelipwa kumwongoza mgeni na kumsimulia kwa lugha yake, mahali pa kula, choo safi, na kibao kinachoonekana kutoka barabarani. Mgeni akikosa hivyo, fedha yake italala Babati.

Mchango wa mwaka huu umegawanywa katika kazi tatu: mafunzo ya waongoza wageni kutoka vijijini, vibao na vyoo, na kuandika majina ya miamba kwa Kirangi na Kisandawe wangali hai wazee wanaoyajua. Jedwali la bajeti lipo ukurasa wa mwisho. Fedha zipokelewe na mweka hazina wa tawi lenu, na kila mmoja adai stakabadhi, hata wa shilingi elfu moja. Kwa kazi ya tatu tunapokea pia mchango usio wa fedha: kama bibi au babu yako alikutajia jina la jiwe, na sababu ya jina hilo, liandike nyuma ya fomu ya ahadi pamoja na jina la kijiji.