Milima ya Pare na Amana ya Udongo Wake

Udongo wa tambarare ya Kileo, chini ya Milima ya Pare ya Kaskazini, haukuzaliwa wote mahali ulipo, kwani kila masika maji huteremka na tope jipya kutoka juu. Na kwa sababu hiyo atakaye kuijua historia ya rutuba ya nchi hii hana budi kuanzia mlimani, kwa watu walioilima miteremko ile kwa muda wa miaka ipatayo 2,000.

Kinachoufanya udongo wa mlima kuwa mweusi ni mboji, na sehemu kubwa ya mboji ni kaboni ambayo miti na majani viliivuta kutoka hewani. Ukitwaa gao la udongo chini ya mti mkongwe wa msitu wa jadi, utauona mweusi, wenye chembechembe zilizoshikamana na vijizizi vyembamba kama nyuzi. Ukitwaa wa pili katika konde la mahindi lililolimwa miaka mingi bila samadi, utauona mwekundu, nao utamwagika vidoleni kama vumbi. Jembe huvunja chembechembe zile, vijidudu vikaila mboji iliyofichika ndani yake na kuirudisha hewani kuwa hewa ya ukaa, kisha mvua ikakikokota kilichobaki hadi bondeni. Msitu ugeuzwapo shamba, udongo aghalabu hupoteza baina ya robo na nusu ya kaboni yake. Wala hasara hiyo si ndogo, maadamu udongo wa dunia nzima umehifadhi kaboni nyingi kuliko iliyomo hewani.

Kabla ya Wazungu, Ugweno, nchi ya Milima hii ya Pare ya Kaskazini, ilisifika kwa chuma. Mafundi wake, watu wa ukoo wa Washana, waliyeyusha chuma kwa makaa ya miti, na bidhaa yao ikafika hadi kwa Wachagga. Lakini kila tanuru lilidai kuni zake, na kila mti ulioanguka uliacha mteremko wazi mbele ya mvua. Hatimaye watu wa ukoo wa Wasuya, wakiongozwa na Angovi, waliwapokonya Washana utawala, na mwanawe Mranga akaitengeneza dola upya, akiyaweka mafunzo ya jando, yaliyofanyika katika msitu maalumu uitwao mshitu, chini ya mamlaka ya mtawala.

Misitu ya namna hiyo, pamoja na misitu ya matambiko ya koo, iliwekewa miiko mikali. Haikukatwa ovyo, wala haikulimwa. Wazee hawakuwa na habari ya kaboni, bali waliogopa hasira ya mizimu. Hata hivyo athari ya hofu yao ni kwamba mboji ya karne nyingi ilisalimika palepale. Kadhalika vihamba vya migomba, vilivyotiwa samadi ya mifugo iliyofugwa nyumbani, viliurudishia udongo kile kilichotolewa, na ndiva, yaani malambo yaliyoyakusanya maji ya vijito usiku ili yagawanywe mashambani mchana, ziliwawezesha watu kulima zaidi mahali palepale pasipo kuhama kila mwaka kufyeka msitu mpya.

Karne ya 19 ilileta misafara ya biashara iliyonunua vyakula njiani, na baada yake reli ya Tanga iliyofika Moshi kabla ya Vita Kuu ya 1914. Ndipo mashamba yakapanda kwenye miteremko mikali. Serikali za kikoloni zilitenga misitu ya hifadhi, na Waingereza wakaamuru matuta kwa sheria. Lakini amri isiyo na ridhaa ya raia haina maisha, kama walivyoonyesha Wapare wenyewe mwaka 1945, walipokusanyika Same kwa maelfu kuipinga kodi iliyoitwa mbiru, na kama walivyoonyesha Waluguru wa Milima ya Uluguru mwaka 1955 walipoyakataa matuta.

Kwa hiyo msitu wa jadi uachwe chini ya ulinzi wa wenye ukoo, samadi irudi kihambani, na makinga maji yachimbwe kwa shauri la wanakijiji na kupandwa miti. Na mkulima wa Kileo asidhani kwamba tope jeusi limletealo mavuno ni zawadi ya bure: ni mali ya mlima iliyopotea, na mlima ukimaliza kutoa udongo wake utateremsha mawe.