Nota za Kwaya na Jasho la Mtunzi: Kutoka Frere Town hadi Likoni

Historia ya vijana wanaotunga nyimbo za kwaya Mombasa bara inaanzia Kisauni, penye kengele ya Frere Town. Mwaka 1875 wamishonari wa CMS, shirika la Kianglikana, walianzisha hapo makazi ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Miongoni mwa waliowatangulia katika kazi ya misheni walikuwamo Waafrika waliolelewa Nasik, India, ambao nao waliwahi kukombolewa utumwani. Palijengwa kanisa na shule, na penye viwili hivyo nyimbo hazikosi.

Misheni nyingi za Afrika zilifundisha kuimba kwa sol-fa, mfumo ambao John Curwen aliueneza Uingereza katika karne ya 19 akifuata kazi ya mwalimu wa kike wa Norwich, Sarah Glover. Badala ya mistari mitano na vichwa vya nota, unaandika herufi: d, r, m, f, s, l, t. Nukta pacha hutenganisha mapigo, kistari hurefusha sauti. Kwa hiyo wimbo wa sauti nne ulichapika kwa taipureta ya kawaida, ukarudufiwa kwa stensili, na kwaya isiyo na fedha ikapata nota zake. Nauheshimu sana mfumo huo, maana bila huo tusingekuwa na kwaya tulizo nazo.

Kisha ikaja Desemba 1963. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliruhusu lugha za wenyeji katika ibada, na parokia za Kikatoliki zikahitaji nyimbo za Kiswahili upesi. Kazi za watunzi wa Tanzania kama John Mgandu zikavuka mpaka. Vijana wetu wa Likoni na Changamwe wakajifunza kwa kuziimba, kisha wakaanza kutunga zao.

Hapo ndipo malipo yalipoachwa nyuma. Itazame karatasi ya nota. Jina la mtunzi huandikwa pembeni juu, upande wa kulia, kwa herufi ndogo. Kopi inatolewa, kopi ya kopi inafifia, mwalimu wa kwaya anauchapa wimbo upya ili usomeke, na pembe ile inabaki tupu. Siku hizi ni PDF kwenye WhatsApp: wimbo unafika kwaya nyingi kabla ya mtunzi kujua kwamba umetoka mikononi mwake. Mwenye mashine ya kopi analipwa kila ukurasa. Mtunzi halipwi hata nauli ya matatu.

Chama cha Hakimiliki za Muziki Kenya, MCSK, kipo tangu 1983, lakini fedha zake zimekuwa zikifuata hasa wimbo unaopigwa redioni, hotelini au kwenye matatu. Teddy Kalanda Harrison wa bendi ya Them Mushrooms alitunga "Jambo Bwana" katika mazingira hayo ya hoteli za Pwani, na kufikia 1983 kundi la Boney M lilikuwa limeurekodi pia. Wimbo ulio katika santuri unafuatilika. Wimbo ulio katika kopi ya karatasi haufuatiliki.

Sheria si kimya. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamlinda mtunzi mara wimbo alioubuni mwenyewe unapoandikwa au kurekodiwa, maisha yake yote na miaka 50 baadaye. Kusajili kwenye Bodi ya Hakimiliki si sharti, ingawa ni ushahidi mzuri. Lakini kuna kifungu ambacho vijana wengi hawajakisoma, cha 31: kazi uliyoagizwa kutunga huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwaya ikimwagiza kijana wimbo wa jubilei ya parokia, naye akaridhika na soda na shukrani, huenda ameshaupoteza wimbo wenyewe.

Kwaya zetu hufanya harambee kwa ajili ya sare, kinanda na studio ya kurekodia video. Si haki mtunzi akosekane katika bajeti hiyo. Kumtumikia Mungu kwa kipaji hakumwondolei mtu kodi ya nyumba.

Kijana, kabla hujakabidhi nota, andika makubaliano, hata ukurasa mmoja: nani anamiliki, kopi ngapi, malipo kiasi gani, sahihi na tarehe. Nawe mwalimu wa kwaya, unapouchapa wimbo upya, anza na jina la mtunzi, kisha mpigie simu mlipane.