Plasma Baridi na Utando Unaolowa

Mama mboga wa mtaa wa Kware akinyunyizia sukuma wiki maji, matone hayasambai. Husimama juu ya jani kama shanga, kisha huteleza na kuanguka. Jani lina nta, na nta haishikani na maji. Karatasi ya mkate iliyo kibandani hapo, ambayo kwa kweli ni polithini, hufanya vivyo hivyo.

Plastiki nyingi zinazotiwa mwilini zina tabia hiyo, na hilo si jambo dogo. Mwaka 1949 Harold Ridley, daktari wa macho wa London, alimtia mgonjwa wa mtoto wa jicho lenzi ya plastiki ndani ya jicho, ya kwanza duniani. Baadaye madaktari waligundua kwamba lenzi isiyolowa ikigusa seli laini za upande wa ndani wa konea, hata mara moja, hunata nazo na kuzing'oa. Seli hizo hazioti tena. Lenzi ikivikwa utando unaolowa, maji hukaa katikati na seli husalimika.

Utando huo unaweza kutengenezwa kwa plasma baridi, na hapa ndipo msomaji hujikwaa, maana hospitalini plasma ni majimaji ya damu. Sioni haja ya kubuni neno jingine. Kware ya kamusi ni ndege, Kware yetu ni machimbo ya mawe, na hakuna kondakta wa matatu aliyewahi kuchanganyikiwa. Plasma ya fizikia ni gesi ambayo elektroni zimeng'olewa kwenye baadhi ya atomu zake. Irving Langmuir wa Marekani ndiye aliyeipa jina hilo mwaka 1928. Radi ni plasma ya moto. Ya baridi imo ndani ya taa ya tyubu: elektroni zake zina joto la nyuzi zaidi ya 10,000, lakini ni nyepesi mno, haziwezi kuipasha gesi yote. Ndiyo sababu ukiigusa tyubu inayowaka huungui, na ndiyo sababu plastiki haiyeyuki ndani ya plasma hiyo. Hata karatasi ya mkate, kabla ya kuchapwa, hupitishwa kwenye cheche za umeme za jamii hiyohiyo, la sivyo wino ungebanduka.

Kazi haiishii kwenye kuipiga plastiki plasma. Silikoni iliyopitishwa kwenye plasma ya oksijeni hulowa papo hapo, lakini baada ya saa au siku chache molekuli za juu hujigeuza ndani na tabia ya kale hurudi. Kwa hiyo fundi huingiza mvuke, kwa mfano wa asidi ya akriliki. Ndani ya plasma mvuke huo huungana kuwa polima mpya inayoshikamana na kipandikizi. Utando unaweza kuwa na unene wa nanomita makumi tu. Unywele mmoja una makumi ya maelfu.

Je, tuuiteje? Wengi huandika "utando unaopenda maji", tafsiri ya moja kwa moja ya istilahi yenye asili ya Kigiriki. Siipendi. Plastiki haina mapenzi, na msomaji atadhani inakunywa maji. Kiswahili kimeshatenganisha mambo haya: sifongo hunyonya, chumvi huyeyuka, lami hulowa mvua ikinyesha bila kunywa hata tone. Ziko tando zinazonyonya pia, lakini sifa inayoziunganisha zote ni kulowa: tone linaloanguka juu yake hutandaa badala ya kusimama.

Kipandikizi, polima na utando zimeshazoeleka, zibaki. Nawaomba wanaotafsiri fomu za idhini ya upasuaji waandike "utando unaolowa, uliotengenezwa kwa plasma baridi", na chini yake waongeze mstari mmoja: plasma hii si ya damu.